Taka za Kariakoo Huchanganywa Njiani



Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam katika Mahakama Kuu. Kesi hiyo, namba 299 ya mwaka huo, ilihusu dampo lililokuwa jirani na nyumba zao, pamoja na moshi, harufu na nzi wake. Wakazi walishinda. Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka hapo na itafute mahali pasipohatarisha afya za watu. Ikaomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena. Ilipofika 1991, Jaji Lugakingira alikataa. Alieleza mshangao wake kwamba mamlaka ya umma inathubutu kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuweka maisha ya watu hatarini, akaikumbusha Ibara ya 14 ya Katiba, ile inayompa kila mtu haki ya kuishi. Taka zilipoelekezwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, na wao pia wakapewa haki. Ndipo ikaja zamu ya Vingunguti katika miaka ya 1990, kisha Mtoni, kisha Kigogo, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, ambako malori yanakwenda mpaka leo.

Nimeanza na historia hii kwa sababu ndiyo sera yetu ya taka ya miaka karibu arobaini, hata kama haijaandikwa hivyo popote. Kila dampo lilipojaa, au wananchi walipochoka, tulilisogeza. Mahakama ilifanya kazi yake vizuri na ninaiheshimu hukumu ile, lakini mahakama haiwezi kupunguza taka. Inaweza tu kusema zisimwagwe hapa. Leo nataka kutetea hoja moja. Tatizo la taka za Dar es Salaam ya katikati, na hasa Kariakoo, haliko dampo. Liko kwenye kitendo cha kuchanganya kinachofanyika kati ya mlango wa duka na lori. Kariakoo inazalisha taka ambazo tayari zimetengana. Ni utaratibu wetu wa kuzizoa unaozichanganya, na zikishachanganyika hazifai kwa lolote isipokuwa kufukiwa.

Kila mnunuzi anajua kwamba Kariakoo imejipanga kwa mitaa. Anayetaka nguo anaelekea Kongo. Anayetaka simu, chaji au kioo cha simu anakwenda Aggrey na Likoma. Spea za magari na kazi za vyuma ni Gerezani. Chakula ni sokoni na mitaa inayolizunguka, na kwa miaka mingi kilikuwa Shimoni, ghorofa ya chini ya jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Mpangilio huu haukuletwa na mtaalamu wa mipango miji. Umeletwa na biashara yenyewe, kwa sababu muuzaji anataka kuwa pale mteja anapomtafuta. Na biashara ikipanga bidhaa kwa mitaa, inapanga na mabaki yake. Duka la nguo la Kongo likifungua mzigo linatoa maboksi na nailoni nyepesi zilizofunga nguo, zote kavu na safi. Fundi wa Aggrey anatoa betri zilizovimba, vioo vilivyopasuka na saketi zilizoungua. Meza ya muuza mboga inaacha majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka na maganda ya mahindi mabichi. Saa kumi na mbili jioni mzigo huu wote bado umetengana, mtaa kwa mtaa, kwa kiwango ambacho miji yenye sheria kali na mapipa ya rangi nne inatumia fedha nyingi kukifikia.

Sasa tutazame kinachotokea baadaye. Kijana wa guta anapita akikusanya mzigo wa mtaa mzima na kuumwaga kwenye ghuba. Juu ya maboksi ya Kongo linashuka tenga la nyanya zilizooza. Boksi kavu hununuliwa kwa kilo na wanunuzi wa karatasi. Likilowa maji ya nyanya hakuna anayeligusa. Chupa za plastiki huokotwa na vijana wa makopo, lakini zile zilizojaa uchafu huachwa. Betri ya simu inapenya katikati ya majani ya kabichi. Katapila au makoleo yanapopakia lori asubuhi, kilichokuwa mizigo minne yenye thamani au angalau yenye njia yake kimekuwa mzigo mmoja mzito, wenye maji, usiotenganika. Mnunuzi wa maboksi amepoteza malighafi, mkulima amepoteza mboji, na dampo limepokea sumu ambayo lingeweza kuiepuka. Hasara hii yote imetokea ndani ya saa chache na ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu.

Uzito wenyewe unatoa ushahidi. Tafiti za muda mrefu kuhusu taka za jiji hili zinakubaliana kwamba zaidi ya nusu ni mabaki ya vyakula na mimea. Kwa taka za soko sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mboga na matunda kwa sehemu kubwa ni maji. Maana yake ni kwamba lori linalotoka Kariakoo kwenda Pugu Kinyamwezi, likipanda Barabara ya Nyerere katikati ya foleni, linabeba kwa sehemu kubwa maji, na jiji linalipia dizeli, matairi na saa za dereva ili maji hayo yakamwagwe kwenye mlima wa taka. Huko yanashuka kupitia taka nyingine, yanachota kilichomo ndani ya betri na makopo ya rangi, na kutoka chini yakiwa maji meusi yanayoingia ardhini. Mabaki hayohayo yakioza bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto na inayolisha moto wa madampo. Kwa hiyo nyanya iliyooza, ambayo peke yake haina madhara makubwa kwa mtu yeyote, ndiyo inayoyatembeza madhara ya vitu vingine vyote.

Hatari zake tumeziona kwa majirani. Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya 30. Yote mawili yalikuwa yanajulikana kuwa yamejaa. Kuhusu sumu, mfano wa Nairobi unatosha: uchunguzi uliofanywa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwaka 2007 kwa watoto 328 wa karibu na dampo la Dandora ulikuta kwamba nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Madini ya risasi hayatokani na maganda ya ndizi. Yanatoka kwenye betri, rangi, risasi ya kulehemu saketi na vifaa vya umeme. Kwa uzito, vitu hivyo ni sehemu ndogo sana ya taka za mji. Lakini sehemu hiyo ndogo ikiachwa ichanganyike, mzigo mzima unageuka kuwa taka hatarishi, na hakuna mtu atakayeweza tena kuutengenezea mboji ya kuaminika.

Hapa ndipo Kariakoo inapaswa kutushughulisha kuliko eneo lingine lolote la nchi. Simu nyingi zinazouzwa Tanzania, pamoja na redio, taa za mirija, chaji na betri, hupita Kariakoo zikiwa mpya, na nyingi hurudi hapohapo kwa mafundi zikiwa mbovu. Taa ya mrija ina zebaki. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kubanwa huwaka, na moto wake ni mgumu kuuzima. Fikirini ikibanwa ndani ya lori lililojaa maboksi. Sheria hatuikosi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa zipunguze taka na zihakikishe zinatenganishwa kwenye chanzo. Kanuni za taka hatarishi na za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka wanaokusanya vitu hivi wawe na kibali. Tanzania iko ndani ya Mkataba wa Basel wa taka hatarishi tangu 1993. Kinachokosekana ni mtu wa kumfikia fundi wa Aggrey mara moja kwa wiki, kuchukua kopo lake la betri mbovu na kumpa risiti.

Najua mtasema kwamba haya yamejaribiwa. Mwaka 1992, Mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulipoanza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, halmashauri ilikuwa inazoa chini ya asilimia 5 ya taka za jiji. Mwaka 1994 kata kumi za katikati ya mji zilikabidhiwa kampuni binafsi ya Multinet, na baadaye huduma ikagawanywa kwa kampuni nyingi na vikundi vya kijamii. Mageuzi yale yalileta faida ya kweli: uzoaji uliongezeka mara kadhaa, na wanawake na vijana wengi walipata kazi katika mitaa ambayo gari la halmashauri halikuwahi kufika. Sitaki kuyadharau. Lakini tukiangalia jinsi mkandarasi anavyolipwa, tunaona kwa nini yaliishia pale yalipoishia. Anakusanya ada kwa kila fremu na kila nyumba, na gharama yake kubwa ni safari ya dampo. Hakuna anayemlipa zaidi akitenganisha, wala anayemkata akichanganya. Ada ni ileile kwa duka linalotoa maboksi safi na kwa duka linalomwaga betri. Mkandarasi mwenye akili timamu atachanganya, kwa sababu mzigo mmoja ni rahisi kuliko mizigo mitatu. Tulibinafsisha lori, na dhana ya kwamba taka ni kitu kimoja tukaiacha ilivyokuwa.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la tabia. Inasemwa kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kutenganisha taka, na kwamba kwanza itolewe elimu, labda kwa kizazi kizima. Sikubaliani nalo, na ushahidi uko karibu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006. Ndani ya wiki chache mfuko uliokuwa kila mkononi Kariakoo ulitoweka, na wauzaji wakaja na mifuko mbadala. Ni kweli kwamba baadaye vifungashio vyepesi vilianza kurudi kwa mlango wa nyuma, na hilo linatufundisha kitu kuhusu usimamizi. Lakini halitufundishi kwamba Mswahili habadiliki. Alibadilika haraka mno pale utaratibu ulipokuwa wazi, ukamhusu kila mtu na ukaanza siku moja. Tena kwa Kariakoo hatumwombi muuza nguo ajifunze kutenganisha. Maboksi yake yameshatengana. Tunaomba asichanganyiwe.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: nafasi. Mitaa ya Kariakoo imebanwa na maghorofa, meza za wamachinga, mikokoteni na bodaboda. Mapipa matatu kila mlango yangeziba njia. Tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa rasmi mwaka 2025, hata ule usiku ambao wazoa taka walikuwa na barabara peke yao umepungua. Nakubali kwamba mapipa hayafai. Lakini kutenganisha si lazima kuwe kwa mahali. Kunaweza kuwa kwa saa. Maguta ya maboksi yapite Kongo jioni maduka ya jumla yanapofunga mizigo. Gari la mabaki ya chakula lipite mitaa ya soko alfajiri, kabla jua halijayachachua. Mkusanya betri na vifaa vya umeme apite Aggrey na Gerezani siku moja ya wiki inayojulikana. Guta linaingia mahali ambapo lori la tani kumi haliingii, na tayari liko pale kwa maelfu ya safari kila siku. Ratiba ya namna hii haihitaji mtambo wowote mpya. Inahitaji mtendaji wa kata mwenye orodha ya mitaa na mamlaka ya kumkata mkandarasi asiyeifuata.

Wengine watauliza: mabaki ya chakula yaende wapi, maana mboji haina soko? Hapa tuna mfano ndani ya mkoa. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ilijenga mtambo wa mboji Mabwepande uliolengwa kupokea tani 50 za mabaki ya masoko kwa siku. Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na sisemi malori yetu yaelekezwe huko. Nasema kazi ileile ifanyike upande wetu, katika njia ambayo malori yanapita tayari, kwa sababu ng'ambo ya Pugu, kule Chanika na Msongola, kuna mashamba na bustani za mboga zinazolilisha soko hilihili. Mkulima anakataa mboji ya mjini kwa sababu moja nzuri kabisa: anakuta ndani yake vioo, nailoni na vipande vya betri. Mboji iliyotoka kwenye mitaa ya mboga peke yake ni bidhaa nyingine. Na tangu 2022 Serikali inatoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Nchi inayogharamia mbolea kwa kiwango hicho haiwezi kusema mabaki ya soko lake kubwa hayana kazi.

Kuna wanaopendekeza tuchome taka zote na kupata umeme. Addis Ababa ilifungua mtambo kama huo mwaka 2018, kando ya dampo lile la Koshe. Nina shaka kubwa kwa hapa. Mzigo ambao zaidi ya nusu yake ni mboga zenye maji hauwaki vizuri. Sehemu ya joto hutumika kuyakausha maji kwanza. Kinachowaka vizuri ni maboksi na plastiki, yaani vilevile ambavyo vina wanunuzi. Mtambo wa namna hiyo, ukishakopewa fedha, unahitaji kulishwa kila siku kwa miaka mingi, na jiji linajikuta lina sababu ya kutotaka taka zipungue. Kama siku moja tutauhitaji, tutajua ukubwa wake baada ya kutenganisha, na utakuwa mdogo.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote linahusu watu. Mamia ya wanawake na vijana wanaishi kwa kuokota chupa, vyuma na maboksi, Kariakoo na kule dampo Pugu. Tukitenganisha mjini na kukabidhi maboksi kwa kampuni moja kubwa, tutakuwa tumewanyang'anya riziki watu ambao wamekuwa wakilipunguzia jiji mzigo bila mshahara, bila glovu na bila bima. Hili lazima lijibiwe kabla ya mengine kuanza. Katika kata ya Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio lilisaidia wakusanya taka kuunda ushirika wao, wakazi wakatenganisha taka nyumbani, na ushirika ukawa na kituo cha kuchambulia. Katika mji wa Pune, India, ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH una mkataba na manispaa tangu 2008. Wanachama wake, wengi wao wanawake, wanapita nyumba kwa nyumba na wanauza wanachokipata. Kazi ya kuzunguka Kongo na Aggrey kwa ratiba inafaa kupewa wale wanaoijua, kwa mkataba wenye majina ya vikundi vyao. Aliyekuwa akifukua chupa kwenye moshi wa Pugu azipokee zikiwa safi mlangoni mwa duka.

Na wafanyabiashara wenyewe? Mei 2023 wenye maduka wa Kariakoo walifunga biashara kwa siku kadhaa kupinga utaratibu wa kodi, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mgomo ule, lakini ulithibitisha kwamba eneo hili, linaloonekana kama vurugu kwa mgeni, lina viongozi, lina mawasiliano na linaweza kuamua jambo kwa pamoja kwa usiku mmoja. Jumuiya yenye uwezo huo inaweza kukubaliana na Jiji kuhusu saa za maguta. Inaweza pia kudai, kwa haki kabisa, kwamba duka linalotoa taka kavu na safi lilipe ada ndogo kuliko linalochanganya. Ningependa kuona wakidai hilo kwa nguvu ileile.

Ujenzi wa soko la Kariakoo baada ya moto ulioliunguza Julai 2021, uliotengewa zaidi ya shilingi bilioni 28, umetupa nafasi ambayo vizazi vilivyotangulia havikuipata. Jengo zuri lenye ghuba moja nyuma yake litarudisha hali ileile katika miaka michache. Kwa hiyo ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji, kwa uongozi wa soko na kwa madiwani ni mahususi. Mkataba ujao wa kuzoa taka katika kata za Kariakoo na Gerezani uandikwe kwa mitaa na kwa aina ya taka, si kwa kata nzima na mzigo mmoja. Malipo ya mkandarasi yapande kwa kila tani asiyoipeleka dampo. Betri na vifaa vya umeme viwe na mkusanyaji mwenye kibali na siku inayojulikana. Na kila mwezi uzito wa taka uliopelekwa Pugu ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, ili mwenye fremu anayelipa ada aone kama unashuka. Usiposhuka ndani ya mwaka, mkataba huo usihuishwe.